Asubuhi ya baridi kinachosubiri joto ni kioo, sio injini

Leo nimetoka nje nikakuta gari nyeupe yote, kioo cha mbele kimeganda sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku, ngumu kama chokaa, na jirani yangu ya kwake alishaiwasha kama dakika 20 hivi, inanguruma peke yake pale nje na yeye karudi zake ndani. Nimeona niandike maana hii tabia naiona kila msimu wa baridi na watu wengi wanaifanya kwa nia nzuri kabisa, wanaitunza gari.

Hiyo ya kusubiri injini ipate moto ilikuwa kweli, ila kweli ya gari za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Petroli kwenye baridi haigeuki mvuke vizuri na kabureta haijui kama kuna baridi, ndo maana kulikuwa na choki ya kuongeza petroli, unavuta unasubiri, ukiondoka kabla ya wakati gari inakuzimikia kona ya kwanza. Wakubwa zetu walijifunzia gari hizo na wakatufundisha walichokijua. Lakini miaka ya 1980 na 1990 gari nyingi zikahamia kwenye nozeli za kupulizia mafuta na kompyuta, kuna sensa inasoma joto la maji ya injini na mafuta yanaongezwa yenyewe bila wewe kugusa kitu. Gari ya hivi unaiwasha, unaipa nusu dakika mpaka dakika moja oili ifike juu, unaondoka taratibu bila kukanyaga mafuta sana mpaka mshale wa temperecha upande. Ukiiacha imesimama inachelewa kupata moto, na muda wote huo injini ya petroli inakula mafuta ya ziada ambayo mengine hayaungui, yanashuka kwenye kuta za silinda yanaosha oili na kwenda kuchanganyika nayo huko chini. Yaani unadhani unaitunza kumbe unaila. Na giaboksi, shokapu, beringi za matairi, hivyo vyote havipati moto gari ikiwa imesimama, vinapata ikitembea. Kama ni baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri huko ni habari nyingine, ipe dakika chache zaidi, na wanaoishi na baridi hiyo wengi wanafunga hita ya umeme kwenye injini yenyewe.

Ila hamna kuondoka kabla hujaona vizuri. Hapa ndo nataka nikae.

Kuna mwaka nilichelewa nikakwangua kitundu tu cha kuchungulia upande wangu, ukubwa wa sahani, nikasema kingine kitayeyuka njiani. Nakata kona jua likapiga kioo, sakitu yote ikawaka nyeupe, sioni kitu, nikafunga breki kwa hofu tu na gari iliposimama nikamwona mama na mtoto wake wanamalizia kuvuka mbele yangu upande ule ambao sikuukwangua. Yule mama aliniangalia tu. Tangu siku hiyo nakwangua vioo vyote, vya pembeni, cha nyuma, saitimira, taa, na theluji ya juu ya paa naishusha pia maana ukifunga breki inateleza yote inakuja kukufunika kioo cha mbele.

Maji ya moto usithubutu. Nilishawahi na kioo kikapiga ufa mrefu kutoka kwenye kidoa kidogo cha kokoto ambacho nilikuwa nimeshakisahau. Kioo kikipata joto ghafla upande wa nje kinataka kutanuka huku ndani bado kina baridi, na pale penye kidonda ndo panaachia. Mi siku hizi naanza na gari yenyewe, naiwasha, hewa naielekeza kioo cha mbele, joto naliongeza pole pole, nawasha na zile nyaya za kioo cha nyuma, halafu wakati huo huo mimi niko nje na kikwangulio cha plastiki, sio cha chuma. Dakika 5 hivi kazi imeisha. Ukiwa na chupa ya kupulizia changanya sehemu mbili za spirit ya isopropili na sehemu moja ya maji, ukipuliza sakitu inalegea yenyewe. Waipa usiziwashe zikiwa zimeganda, mpira unachanika au fyuzi inakatika.

Ukungu wa ndani nao unasumbua watu kwa sababu wanaacha hewa inazunguka humo humo ndani, ile ya pumzi zetu na viatu vilivyolowa. Fungua hewa ya nje. Hewa ya baridi inabeba maji kidogo sana, ukiipasha moto inakuwa kavu na inakunywa ule unyevu wa kioo. AC nayo iwashe pamoja na hita, watu wanashangaa lakini AC inakausha hewa, ingawa baridi ikikaribia sifuri kompresa za gari nyingi zinagoma kuwaka.

Halafu hii sakitu unaweza kuikwepa toka jana yake. Usiku ukiwa hauna mawingu kioo kinatoa joto lake kuelekea angani mpaka kinakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, kwa hiyo kinaweza kuganda hata kipimajoto kikisema nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Ndo maana gari iliyolala chini ya mti au kibanda inaamka safi na ya pembeni yake imeganda. Kama huna kibanda funika kioo na turubai au kitambaa kizito, kile kitu kinakizuia kioo kisilitazame anga. Na waipa zizime kabla hujazima gari, zisije zikajaribu kutembea zenyewe asubuhi ukipiga stata.

La mwisho ni moshi, na hili naomba watu walichukulie kwa uzito. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na usingizi, basi, unaweza usiamke tena. Usipashe gari moto ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi, gesi inabaki na kama gereji imeshikana na nyumba inaingia mpaka vyumbani. Theluji ikiziba ekzosi ni hivyo hivyo, moshi unarudi chini ya gari na kupanda ndani, na mara nyingi aliyekaa ndani ni mtoto, kawekwa humo asipigwe baridi wakati mzazi anakwangua. Chimba kwanza ekzosi ndo uwashe.

Jirani yangu huwa anaipaki gari kinyumenyume, nyuma yake kuna lile rundo la theluji wanalosukumia watu wakisafisha njia, na leo mdomo wa ekzosi nimeuona uko karibu kabisa kuzama. Jioni akirudi naenda kumgongea.