Pia ya Goti

Mwaka wa kwanza wa utabibu hakuna somo lililoninyima usingizi kama mifupa. Majina yote ya Kilatini: tibia, fibula, patella. Usiku nayakariri hadi taa inazimwa, asubuhi yameshapotea.

Siku moja mwalimu alinikuta nimeduwaa mbele ya meza ya mifupa. Hakunigombeza. Aliokota kimfupa kimoja akaniwekea kiganjani.

"Kwenu Lindi hiki mnakiitaje?"

Hilo nililijua. Bibi yangu alilalamikia magoti kila masika. "Pia ya goti, mwalimu."

"Na pia ni nini?"

Nikamweleza: kipande cha mpera unakichonga ncha, unakizungushia kamba, unakirusha chini kizunguke.

"Haya, sasa kitazame."

Nikakigeuza taratibu. Juu kipana, chini kimechongoka. Upande wa mbele una mikwaruzo inayoshuka wima. Wa nyuma ni laini kama kauri, umegawanywa na tuta jembamba. Ilikuwa pia kabisa, imesimama kwa ncha yake. Miaka yote nilikuwa nikilitamka jina hilo bila kuona kilichomo.

Warumi, akaniambia, wao waliona chombo. Patina ni sahani pana, patella ni kisahani, na Celsus, mwandishi wao wa utabibu, aliuita mfupa huo hivyo tangu karne ya 1. Sisi neno tunalidogosha mwanzoni, kwa ki-. Wao walilidogosha mwishoni. Clavis ni ufunguo, clavicula kifunguo: ndio mtulinga. Mus ni panya, musculus kipanya: ndio msuli. Tibia, mfupa wa muundi, ilikuwa filimbi. Nikaona kumbe na wao walikuwa watu wa jikoni na uani kama sisi, wakiita kiungo kwa kitu kilicho karibu na mkono. Na mifupa inayoota ndani ya kano, akaongeza, huitwa sesamoidi, kwa jina la Kigiriki la ufuta; pia ya goti ndiyo kubwa kuliko yote. Ufuta! Zao la bibi yangu maisha yake yote.

Likizo ilipofika nilimwomba bibi anyooshe mguu mkekani, aulegeze. Nikaishika pia kwa vidole viwili, ikateleza kushoto, ikateleza kulia.

"Umeiona, mjukuu wangu?"

"Nimeiona, bibi."

"Basi ikande, inauma."