Insulini jikoni: mimba yangu ya tatu na saa ya kula

Watu wakisikia kwamba nilikuwa najichoma insulini, dawa ya kushusha sukari, nikiwa mjamzito mwenye kisukari cha mimba, swali la kwanza huwa ni maumivu. Nilimalize hapa hapa: haiumi kama unavyodhani. Kisindano chenyewe ni kifupi, chembamba, kofia yake ya rangi ya chungwa, wala hakifanani na yale masindano ya makalioni tuliyokimbia utotoni. Aliyewahi kurukiwa na mafuta ya maandazi hawezi kukihesabu kuwa ni kitu. Kilichonisumbua mimi ni saa. Nauza chakula Ngamiani, Tanga, na mama lishe hula wa mwisho, wateja wakishaondoka. Insulini haielewani kabisa na mtu anayekula wa mwisho.

Nilikuwa na kila sababu ya kupimwa. Mama yangu ana sukari, mimi nilishavuka miaka 35, na mwanangu wa pili alizaliwa na kilo 4.3. Nyumbani zile kilo tulizishangilia, kumbe kliniki wao waliziandika kama jambo la kuangaliwa. Mimba ya tatu ilipofika wiki ya 26 nikaambiwa nije bila kula. Nikatolewa damu, nikapewa maji yenye gramu 75 za glukosi, matamu mpaka meno yanakataa, nikakalishwa kwenye benchi saa mbili. Kabla ya kunywa sukari yangu ilikuwa 5.9 (kwa milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari hapa), baada ya saa mbili 9.3. Mtu asiye na mimba akipata 5.9 asubuhi anarudi nyumbani na maisha yanaendelea. Kwa mjamzito mpaka umewekwa chini zaidi: 5.1 kabla ya kula, 8.5 saa mbili baada ya kunywa ile glukosi, na ukifikia au kuvuka hata mmoja tu, una kisukari cha mimba.

Dawa ya kwanza ilikuwa sahani na miguu. Wali nikaupunguza nusu, ugali ukawa wa dona na wa kipimo cha ngumi, mchicha na tembele nikajaza, maharage, samaki, mayai. Chai bila sukari, na mtu wa Tanga anajua huo ni mtihani wa namna gani. Jioni natembea mpaka Raskazone taratibu na kurudi. Mchana sukari ikatulia. Asubuhi ikagoma. Nalala tumbo jepesi, naamka na 6 na kitu, wakati nilitakiwa niwe chini ya 5.3. Mama mkwe alianza kukagua sufuria asubuhi, nadhani alihisi kuna mtu anakula usiku. Daktari ndiye aliyeniondolea hiyo aibu: usiku ini lenyewe humwaga sukari kwenye damu, na kondo la nyuma linatoa homoni zinazoifanya insulini yako isifue dafu. Unaweza usile kabisa na bado ukaamka juu. Basi nikaandikiwa insulini ya mawingu, ile inayofanya kazi polepole, nichome kabla ya kulala. Baadaye ikaongezwa ile angavu, inayofanya kazi haraka zaidi, ya kuchoma kabla ya chakula cha mchana na cha jioni.

Mama yangu mzazi alilia. Kwake yeye insulini ni ya watu wanaoelekea kukatwa mguu, kwa sababu aliowaona wakianzishiwa wote walikuwa wameshachelewa. Mume wangu hakulia ila aliuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa mwenyewe: hii dawa haitamfikia mtoto? Nesi akamwambia kinachovuka kondo na kumfikia mtoto ni sukari, insulini haivuki. Sukari ya mama ikiwa nyingi, kongosho la mtoto linajibu kwa kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, ananenepa, mabega yanapanuka, kuzaliwa kunakuwa kwa shida. Halafu akishakatwa kitovu, sukari ya mama inakoma ghafla huku insulini ya mtoto bado imejaa, na sukari ya mtoto inaporomoka. "Kwa hiyo baba, hii sindano ya mama ni ya kumlinda huyo huyo unayemwogopea." Tangu siku hiyo mume wangu ndiye aliyekuwa akinikumbusha ile ya usiku. Mama yangu ilimchukua muda zaidi, na sikumlazimisha.

Kuchoma kwenyewe nilifundishwa na nesi mmoja mwenye subira ya ajabu. Ile ya mawingu unaizungusha viganjani mpaka ichanganyike, hutikisi. Unavuta hewa ya kipimo chako, unaisukuma ndani ya chupa, ndipo unavuta dawa, unaangalia mapovu. Unabana ngozi kwa vidole viwili, unaingiza, unasukuma taratibu, unahesabu mpaka kumi kabla ya kutoa. Tumboni? Ndiyo, tumboni. Nilikataa kwanza, mkono ulikufa ganzi. Nesi akanibana ngozi ya ubavuni mwa tumbo akanionyesha kwamba dawa inaishia kwenye mafuta ya chini ya ngozi, na kati ya hapo na mtoto kuna misuli na ukuta wa mfuko wa uzazi. Hata hivyo tumbo lilipokaza kama ngoma nilihamia mapajani, na hakuna aliyenigombeza. La muhimu ni kuhamahama. Ukipenda sehemu moja kwa sababu haiumi, inafanya uvimbe mgumu na dawa hainyonywi vizuri.

Sasa saa. Ile insulini angavu huchomwa kama nusu saa kabla ya kula, ndipo iamke pamoja na chakula. Kwa mfanyakazi wa ofisi ni rahisi: saa sita na nusu choma, saa saba kula. Kwangu saa saba mchana ndipo vijana wa stendi na mafundi wa gereji wanaingia kwa mkupuo, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Siku moja nilishachoma, nikawa nasubiri nusu saa yangu, ikaingia oda ya sahani za wali maharage kwa watu wa ujenzi. Nikawa napakua. Nikaanza kutoka jasho. Nani anashtuka kutoka jasho mbele ya majiko mawili ya mkaa, Tanga, mwezi wa pili? Mpaka nilipoona upawa unatetemeka mkononi, na nikamkaripia msichana wangu wa kazi kwa jambo ambalo hata hakulifanya. Yeye ndiye aliyesema, "Mama, hebu kaa." Kipimo kikasoma 3.1. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, robo saa, kupima tena, 4.6, kisha nikala sahani yangu pale pale huku watu wa ujenzi wakisubiri.

Baada ya hapo tuliweka utaratibu ambao ndio ningempa kila mama lishe mwenye hali hii. Sahani yangu inapakuliwa kwanza, inafunikwa, inawekwa juu ya kabati. Bila sahani kufunikwa, hakuna sindano. Nikishachoma, naondoka kwenye majiko na msichana anashika upawa, mteja awe nani. Na nikahamisha chakula changu cha mchana kutoka saa tisa kwenda saa sita, kabla ya mkupuo. Wateja wa kudumu walinicheka kidogo kumwona muuzaji anakula kabla yao. Wakazoea. Mmoja akawa ananiuliza akiingia tu, "Mama Salma, umeshakula?" kama vile yeye ndiye mwenye mgahawa. Nilijifunza pia kutofautisha majasho: la jiko ni la moto na ukitoka nje kwenye upepo linapungua. La sukari kushuka ni la baridi, linakuja na njaa ya ghafla na hasira, na upepo haulisaidii.

Kuonja ni jambo ambalo kwenye karatasi ya lishe niliyopewa halikuwepo. Mpishi anaonja kutwa. Mchuzi na maharage hayana neno, lakini shira ya kaimati, uji, maziwa ya chai, hivyo nilimwachia msichana. Kumbe ana ulimi mzuri kuliko wangu.

Kuna na hili la vidole. Stripu za kupimia ni ghali, kwa hiyo nilikuwa napima kwa zamu: asubuhi kabla ya kula kila siku, halafu leo baada ya chakula cha mchana, kesho baada ya cha jioni. Saa moja baada ya kula nilitakiwa niwe chini ya 7.8. Jioni moja mashine ikanipa 13 na ushei, roho ikaruka. Kabla ya hapo nilikuwa nachovya visheti kwenye shira. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikakausha, nikatoboa kidole kingine: 6.9. Sukari iliyokuwa kwenye ncha ya kidole ndiyo ilisomwa. Anayeshika sukari au matunda kutwa anawe kwanza, na atoboe ubavuni mwa kidole, maana nchani kunauma na ndiko tunakoshikia kila kitu.

Kuhifadhi. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na zisigande. Friji la mgahawani la soda nililikataa, linafunguliwa kila dakika. Nikaweka nyumbani, rafu ya katikati, mbali na ile sehemu ya barafu, ndani ya kopo lenye kifuniko ili watoto wasizichezee. Inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne mahali pasipo na joto kali, na nilikuwa naandika tarehe ya kuifungua juu ya lebo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu nilitumia chungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Nikiri tu kwamba mbinu hii inafurahisha zaidi Dodoma kuliko Tanga. Inategemea maji kukauka, na hewa ya pwani imeshashiba maji. Lakini ilipunguza joto, na chupa zangu hazikuwahi kuachwa juani wala karibu na jiko.

Ramadhani iliniingilia katika miezi mitatu ya mwisho. Daktari, bila kuzunguka, alikataza kufunga, na ustadhi wa mtaani kwetu alisema jambo hilo hilo: mgonjwa ameruhusiwa ndani ya Qur'ani, siku atalipa baadaye. Mama mkwe, ambaye nilidhani atakuwa mgumu, ndiye aliyekuwa akinifunikia chai yangu ya asubuhi ili watoto wasinione nikinywa. "Mwanangu, hiyo ni ibada yako," aliniambia, na mjadala ukaisha. Kwa kuwa mchana mgahawa unafungwa na tunauza futari kuanzia alasiri, ule ndio mwezi ambao sukari yangu ilikaa vizuri kuliko yote. Hakuna mkupuo wa saa saba, nakula kwa saa, nachoma kwa saa. Magharibi nilikaa na wenzangu mkekani: tende moja, kipande kimoja cha muhogo wa nazi, samaki, kachumbari, uji wa pilipili manga usiotiwa sukari. Tambi nilizitazama tu. Sitasema sikuumia.

Kipimo cha dawa kilikuwa kinapanda kila nikienda kliniki. Nilianza na yuniti 10 za usiku, ikafika 22. Hapo ndipo nilipokaribia kukata tamaa, kwa sababu nilihesabu kila nyongeza kama alama ya ugonjwa kuzidi. Daktari akacheka, akasema kondo linakua, homoni zinaongezeka, dawa lazima iongezeke, na kwa wengi inaendelea hivyo hadi kwenye wiki ya 36 hivi. Ingeshuka ghafla yenyewe ndipo tungekuwa na la kuuliza. Laiti hilo ningeambiwa siku ya kwanza pamoja na mafunzo ya kuchoma. Wanawake wawili niliowakuta kwenye benchi lile walikuwa wanapunguza dawa kimyakimya nyumbani kwa hofu hiyo hiyo ya namba kupanda, na nadhani si wao peke yao.

Wiki ya 39 nikaanzishiwa uchungu. Mtoto wa kike, kilo 3.4, alilia kabla hajatoka vizuri. Alichomwa kisigino kupimwa sukari, mara kadhaa, nikaambiwa nimnyonyeshe mapema na mara kwa mara, na sukari yake ikakaa sawa bila kuongezewa kitu. Mimi sikuchomwa tena insulini. Kondo likishatoka, ile fujo yote inaondoka nalo. Jioni ile mume wangu aliniletea mfuko wa dawa wodini kwa mazoea, saa ilipofika, tukabaki kutazamana. Mabomba ya sindano yaliyotumika nilikuwa nayakusanya kwenye galoni gumu la plastiki, akalirudisha hospitalini likateketezwe.

Baada ya wiki nane nilirudi kunywa yale maji matamu. Majibu yakawa mazuri. Nesi aliandika kwenye kadi kwamba nipime kila mwaka, kwa kuwa aliyepata kisukari cha mimba yuko karibu zaidi na kisukari cha kudumu kuliko mwingine, na kwangu kuna mama pia. Mwaka huu nimepima: 5.4 kabla ya kula. Saa sita ya mchana bado ndiyo saa yangu ya kula, na shira bado inaonjwa na msichana.