Boksi Lililorudi kutoka Arusha

Novemba 2021 Mama Mdogo alipata oda yake ya kwanza ya bara. Duka moja la zawadi la Arusha lilitaka mishumaa yake ya chupa kwa ajili ya Krismasi. Mpaka siku hiyo alikuwa akiuza hapa hapa Unguja, kwenye maduka ya Mji Mkongwe na hoteli za Nungwi na Paje, na mishumaa ilisafiri kwa daladala, imepakatwa mapajani. Nta yake ni ya nyuki, inatoka Tabora. Huichanganya na mafuta ya nazi kwa sababu nta tupu ikipoa hujivuta na kuachana na kioo, kisha hutia mafuta ya karafuu au mchaichai. Chupa tulikuwa tukizinunua Dar es Salaam: nene, za mdomo mpana, zenye vifuniko vya bati.

Chupa hizo zilikuja tupu ndani ya katoni zenye vigawanyo vyembamba vya karatasi, na hazikuwa zikivunjika. Kwa hiyo mishumaa ilipokuwa tayari ikarudi katika katoni zile zile, ikapigwa selotepu, ikavuka kwa boti na kupanda basi. Mwenye duka alipopiga simu alisema kwa adabu kabisa, "Mama, zimefika, lakini zaidi ya nusu zimevunjika."

Mama Mdogo alinyamaza, akamwomba amrudishie boksi moja lilivyo, asilifungue tena wala asitoe vipande. Mimi niliona ni gharama bure, kulipia nauli ya vigae. Yeye akasema, "Mwanangu, mgonjwa humtazami kwa simu."

Lilipofika tulilifungulia uani, juu ya mkeka. Mshumaa uliovunjika ndani ya chupa si sawa na gilasi iliyoanguka jikoni. Nta inavishikilia vipande mahali pake. Chupa imepasuka yote, lakini imesimama, na ukiizungusha taratibu kwenye mwanga unauona kila ufa ulipopita. Nyufa zinatawanyika, zinagawanyika mbili mbili, na ukizifuata kinyumenyume zote zinarudi kwenye nukta moja. Pale ndipo kioo kilipopigwa. Tulikaa na chupa hizo alasiri nzima. Mama Mdogo akichora duara kwa wino kwenye kila nukta, mimi nikizipanga kwa mafungu.

Mafungu yakawa mawili tu. Fungu kubwa lilipigwa ubavuni, kwenye sehemu iliyotokeza nje kuliko zote, na alama zote zilikuwa kimo kimoja. Ina maana chupa ziligongana zenyewe kwa zenyewe. Kile kigawanyo chembamba kilitosha kuzitenga zikiwa tupu, lakini chupa ikishajazwa nta uzito wake unakaribia maradufu, na karatasi ikajikunja tu zikagusana. Fungu la pili lilianzia kwenye ukingo wa kitako. Hizo ni za boksi lililoangushwa na kutua wima, chini hakuna kitu isipokuwa tabaka moja la karatasi na sakafu. Kwa juu, begani na mdomoni, hatukupata hata nukta moja.

Nadhani hapo ndipo kazi ilipofanyika, kabla hatujagusa malighafi yoyote. Watu wengi huanza kwa kuuliza kitu gani ni laini, na sisi tungeanza hivyo hivyo. Hata Mama Mdogo alikuwa ameshapanga kujaza matambara juu ya chupa, mahali ambapo kioo hakikuwa na shida kabisa.

Jambo la plastiki ya mapovu lilizungumzwa na kumalizwa haraka. Marufuku ya plastiki ya bara ya Juni 2019 ilihusu mifuko, hii ingeruhusiwa, lakini mwenye duka alikuwa amesema tangu mwanzo kuwa wateja wake hawataki kufungua zawadi na kukuta plastiki. Tukabaki na vitu vya kwetu.

Maranda tulipewa bure na fundi seremala, gunia zima. Yanavutia kwa macho, yananukia mti. Tulijaza boksi, tukaliweka nyuma ya pikipiki ya jirani akazunguka nalo kutwa nzima kwenye shughuli zake. Jioni tulipolifungua, maranda yalikuwa yamejishindilia chini na chupa zimezama mpaka zimegusa sakafu ya boksi. Mtikiso unafanya hivyo kwa vijazio vilivyolegea: chupa nzito inateremka katikati yake. Magazeti yaliyokunjwakunjwa yana tabia nyingine. Yakiminywa mara ya kwanza yanapokea pigo vizuri, lakini hayarudi, kwa hiyo pigo la pili linakuta nafasi tupu.

Nilikuwa na matumaini zaidi na usumba. Pwani ya kusini mashariki, kuanzia Paje kuelekea Makunduchi, wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani kwa miezi, maji ya bahari yakipanda na kushuka juu yake, kisha huyafukua na kuyaponda kwa magongo mpaka nyuzi ziachane. Nyuzi hizo zina nguvu na zinarudi zikiminywa, kitu ambacho gazeti haliwezi. Bibi mmoja wa Paje alituuzia kifurushi na kutuonya mwenyewe: "Uanike sana, una harufu huo." Kweli, makumbi yaliyokaa kwenye mchanga wa bahari yananuka, na mshumaa ni biashara ya harufu. Tuliuanika juani siku baada ya siku. Harufu ilipungua, lakini nilipofunga boksi na kulifungua asubuhi, kilichotoka kwanza si karafuu. Nilisikitika kwelikweli, maana nilipenda sana wazo la kuwapa kazi wale kina mama.

Mtu aliyetusaidia kuliko wote ni hamali wa Malindi ya Mji Mkongwe, mzee anayevuta gari lake pale bandarini tangu sijazaliwa. Mama Mdogo alinituma nikamuulize boksi linapitia nini. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama nilivyobeba boksi langu la chupa sita lenye maandishi makubwa ya KIOO.

"Maandishi hayo hapana anayeyasoma usiku," akasema. "Tazama. Boksi dogo hili mtu analitupa kwa mkono mmoja. La kilo thelathini wanalishika watu wawili, halitupwi. Lako ni la kutupwa."

Baadaye nilipata kusoma kuwa ISTA, shirika la kimataifa linaloweka taratibu za kupima vifungashio, linafuata hoja ile ile. Boksi likiwa jepesi, kimo cha kuliangushia kinakuwa kikubwa. Kwa mzigo wa chini ya kilo tisa na nusu kipimo chao cha msingi ni sentimita 76, mara kumi: pembe moja, kingo tatu zinazokutana kwenye pembe hiyo, halafu pande zote sita. Sentimita 76 ni kimo cha meza ya kawaida. Meza tulikuwa nayo.

Sasa tukaunda boksi kwa kufuata nukta za wino. Kwa ajili ya kitako tulichukua trei za mayai, zile za karatasi iliyopondwa. Nguvu yake ni kwamba vilima vyake vinasagika polepole, chupa inapata muda wa kusimama badala ya kusimama ghafla. Tulizipanga mbili, ya juu ikiwa kichwa chini, ili vilima visiingiane. Kwa ajili ya ubavu tulikata vigawanyo vipya kutoka maboksi mazito ya friji, tukavichanja nusu kwa nusu vikaingiliana, virefu mpaka begani mwa chupa. Nilisisitiza mistari ya mawimbi ya karatasi isimame wima, kwa sababu ikilala boksi linajikunja kwa uzito wa mizigo inayowekwa juu yake. Kando kando tukaacha nafasi ya vidole viwili, tukaijaza vipande vya trei vilivyobaki. Juu tukaweka trei moja tu, ya kuzuia chupa zisiruke. Na boksi likawa la chupa kumi na mbili badala ya sita, lenye matundu mawili ya kushikia, lizidi kidogo kwa mkono mmoja.

Tuliliangusha mbele ya nusu ya mtaa. Pigo la pembe lilinikwaruza roho, boksi likabonyea hasa. Watoto wakahesabu kwa sauti mpaka kumi. Mama Mdogo hakukubali tulifungue kabla ya kulitikisa karibu na sikio lake. Boksi halikutoa mlio. Tulipokata selotepu tukakuta vilima vya trei ya chini vimelala karibu vyote, na chupa zote kumi na mbili ziko nzima.

Oda ilipelekwa upya wiki ya pili ya Desemba, kwa boti ile ile na njia ile ile, zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar mpaka Arusha. Mwenye duka alipiga simu akiwa anafungua, tukasikia kisu kinapita kwenye karatasi. Akahesabu moja moja. Hakuna iliyovunjika. Chupa mbili, akasema, zina mkwaruzo mdomoni, kifuniko cha bati kimekuwa kikicheza njia nzima.

Mama Mdogo alimshukuru, akamuulizia watoto, akakata simu. Kisha akaniagiza mkasi na kile kipande cha boksi la friji kilichobaki, tukaanza kukata viduara vya kuweka chini ya vifuniko.