Namba tatu au namba nne?

Kijana mmoja tunayemfundisha mpira wa kikapu pale JMK Park, Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, ametugawa makocha: wengine wanataka acheze namba nne, yaani mshambuliaji wa karibu na kikapu, kwa sababu ya urefu wake, jambo lisiloshangaza katika jiji lililomtoa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili kuingia ligi ya Marekani ya NBA mwaka 2009. Mimi nimeamua namba tatu, yaani mshambuliaji wa pembeni. Anaumudu mpira vizuri akiwa mbioni, lakini mabega yake bado ni membamba, na akisukumana na watu wazima chini ya kikapu huondolewa kwenye nafasi ya ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) kabla mpira haujashuka. Mitupo ya pointi tatu, ya mita 6.75, bado inamsumbua, ingawa hiyo hufundishika. Kumkaba mshambuliaji mwepesi wa pembeni ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Akijaza mwili, tutazungumza upya.