Siku mbili nyuma ya Baba Imani

Nianze na kilichotutoa nyumbani siku mbili kwa pikipiki, maana si majani yanayogeuka rangi. Hapa Lowell, Massachusetts, Marekani, tuko Wakenya wengi na wengi wetu tunafanya kazi ya kutunza wazee, mimi shifti yangu ni ya usiku na mume wangu, Baba Imani, ni ya mchana, kwa hivyo karibu miezi tisa tulikuwa tunaonana mlangoni tu, mimi naingia yeye anatoka, chai iko kwa themosi, mtoto bado hajamaliza hesabu zake, haya, mlango unafungwa. Unaweza kuwa na mume mzuri kabisa na bado ukawa mpweke, yaani sikuwahi kujua hilo mpaka nilipoliishi.

Basi ile wikendi ndefu ya Oktoba, ile ambayo Jumatatu yake ya pili ni sikukuu, Baba Imani akasema mama, tupande pikipiki twende New Hampshire, jimbo jirani, tukaone majani, sisi wawili tu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Imani tukampeleka kwa dadangu na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tulikuwa barabarani, kuelekea kaskazini kwa barabara ya 93.

Ukivuka mpaka wa Massachusetts unaanza kuona waendeshaji vichwa wazi, kwa sababu New Hampshire mtu mzima halazimishwi na sheria kuvaa helmeti. Sisi hatukuvua. Mimi nimeshaosha na kulisha watu walioumia kichwa, najua nyumba nzima inavyobadilika, hapo sina mjadala na mtu.

Hatuna zile redio za helmeti za kuongelea kwa hivyo tulipatana lugha yetu kabla ya kutoka. Nikimgonga bega mara moja, punguza mwendo. Mara mbili, tazama. Mara tatu, simama. Na yeye akitaka kuniambia kitu ananigonga goti kwa mkono wa kushoto, hesabu ni zile zile. Kilometa za kwanza ilikuwa kimya tu, giza na baridi, nimemkumbatia kwa nyuma, nikagundua nimesahau mgongo wake ulivyo mpana.

Baridi jamani. Tulipofika mji wa Lincoln vidole vyangu vilikuwa havishiki hata kikombe. Sasa Baba Imani kabla ya kuja huku aliendesha boda Limuru, na Limuru asubuhi si mchezo, akaingia dukani akaomba katoni tupu, akaikata vipande viwili, kimoja akakiweka ndani ya jaketi langu kifuani na kingine ndani ya lake. Akaniambia hivi ndivyo tulivyokuwa tunafanya stejini. Mimi mtu wa Voi nilikuwa sijui hayo. Upepo ukakatika hapo hapo, na ile katoni nilikaa nayo siku zote mbili, kwa hivyo kama unapanda pikipiki mwezi wa kumi usidharau katoni.

Hapo Lincoln tulikula chapati zao za maji, zile nene, na sirapu ya mti wa mepo (maple). Mwenye mgahawa alituambia inachukua kama madebe 40 ya utomvu wa mti kuchemshwa mpaka upate debe moja la sirapu. Nilimaliza yote sahanini.

Tangi tukalijaza mpaka juu, na hili naliandika kwa herufi nzito moyoni, jaza Lincoln, kwa sababu ukishaingia barabara ya Kancamagus hakuna kituo cha mafuta hata kimoja mpaka utokee Conway, ni kilometa kama 55, na simu nayo sehemu nyingi haishiki. Ni barabara namba 112, wenyeji wanaikata wanaiita Kanc, inapita katikati ya Msitu wa Kitaifa wa White Mountain. Jina ni la Kancamagus, kiongozi wa Wapennacook, wenyeji asili wa huku, wa karne ya 17, mjukuu wa Passaconaway ambaye naye ana mlima wake pale pale. Watu wao walisukumwa wakaondoka kwenye ardhi hiyo, majina yakabaki kwenye milima na mabango. Nililifikiria sana hilo nikiwa nyuma, nikiangalia msitu ule.

Sasa majani. Nimekaa nikijaribu kuyaeleza na sijui kama nitaweza. Kwetu Voi miti pia inapukutisha, kiangazi kikishika mbuyu unabaki mifupa, lakini ni kwa kiu, jani linakauka linakuwa rangi ya vumbi na kila kitu kinakuwa rangi ya vumbi. Huku maji yapo tele, mito inatiririka pembeni, ni mwanga ndio unaopungua na usiku unakuwa baridi, mti unaacha kutengeneza ule ukijani wake, klorofili, na unapoisha inabaki manjano. Na hiyo manjano ilikuwepo ndani ya jani tangu limechipua! Majira yote ya joto ilikuwepo, kijani tu ndicho kiliifunika. Nyekundu ndiyo tofauti, hiyo mti unaitengeneza wakati huu huu wa kuondoka, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, ndio maana mwaka wenye michana ya jua na usiku wa baridi isiyofika kugandisha unatoa mepo nyekundu kama kanga mpya.

Na kwa pikipiki unakuwa ndani yake. Kwa gari ungeona kupitia kioo, lakini sisi tulikuwa tunapita chini ya matawi na harufu inakuingia, majani yaliyooza kidogo, udongo umelowa, moshi wa kuni kutoka mahali. Kuna ile miti yenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, majani yake ni manjano tupu, na jua la asubuhi likipita katikati yake uso wa Baba Imani kwenye kioo cha pembeni ulikuwa unawaka na kuzima, unawaka na kuzima. Nilikuwa namgonga mara mbili, mara mbili, mara mbili, mpaka akasimama akageuka akaniambia mama Imani, naona, naona yote.

Kabla ya kilele kuna kona moja kali inajikunja kama pini ya nywele, polepole kabisa hapo, halafu unapanda mpaka mita 870 juu. Tulisimama sehemu ya kutazamia upande wa pili, mabonde yote chini rangi ya pilipili na manjano ya embe, na miti ya misonobari imebaki kijani cheusi katikati. Sikusema kitu, na yeye hakusema.

Njia ya saa moja tulitumia karibu tano. Tulitembea hadi maporomoko ya Sabbaday, si mbali na maegesho, tukakaa juu ya mwamba tukala mandazi niliyobeba, na pale ndipo tulipozungumza kweli, kuhusu mamake anayeumwa Limuru, kuhusu mimi kuomba kutoka shifti ya usiku hata kama mshahara utapungua, mambo ambayo mlangoni hayasemeki. Alilia kidogo. Sijamuona akilia tangu Imani azaliwe.

Karibu na Conway kuna daraja la mbao lenye paa, la Albany, la mwaka 1858, waliliezeka ili mvua isiozeshe mbao zake. Tulivuka kwa miguu, tukarudi, tukavuka tena.

Jumapili mvua. Sasa sikilizeni nyinyi mnaoendesha, jani lililolowa juu ya lami linateleza kama ganda la ndizi, na yako mengi hasa kwenye kona na kwenye kivuli, gurudumu la nyuma lilicheza mara moja tukiwa tunashuka kusini kwa barabara ya 16 na roho yangu ikatoka ikarudi. Nikamgonga mara moja, na tangu hapo alienda taratibu, breki kabla ya kona si ndani ya kona. Hata hivyo tulisimama ziwa Chocorua, ukungu umefunika kichwa cha mlima, rangi zote zimelala juu ya maji. Tulifika Lowell usiku, tumelowa mpaka soksi.

Jumanne asubuhi nikarudi kutoka kazini. Yeye yuko mlangoni na begi lake la chakula kama kawaida. Hakusema kitu, akanigonga bega mara mbili. Nikageuka. Ule mti wa jirani ambao nimeegesha gari chini yake mwaka mzima ulikuwa umeanza kuwa mwekundu, upande mmoja tu, wa barabarani. Tukasimama pale nje na akachelewa kazini dakika kumi.