Tanga, chakula cha baada ya shoo

Sisi waigizaji wa jukwaani hatuli usiku muda ambao watu wanakula. Saa mbili familia zimekaa chini sinia limewekwa katikati, sisi ndo kwanza tunaingia jukwaani, na huwezi kuingia umeshiba maana tumbo likijaa pumzi inakuwa fupi, sauti badala ya kutoka chini inakotakiwa itoke inaanza kukwaruza kooni na mchezo haujafika hata nusu. Kwaiyo mi saa kumi jioni nakula ndizi na chai ya tangawizi bila maziwa, basi, mpaka watu wapige makofi waende kwao. Na hapa Tanga ndo tunachelewa zaidi, tunasubiri swala ya isha iishe kwanza ndo tuanze, na hilo nalipenda kwakweli, watazamaji wanakuja wametulia hawana haraka ya kuondoka. Ila ukimaliza, ukafuta poda, mkakunja mapazia na kupakia vifaa kwenye gari, inagonga saa tano kasoro na njaa yake sio ya kawaida.

Ndo maana mji mpya mi naujua kwa swali moja tu, saa hizo nani bado ana moto jikoni. Miji mingi jibu lake ni chips mayai. Sina ugomvi na chips mayai, imetulisha wasanii wengi wa nchi hii tangu tuko chuo kule Bagamoyo, lakini ukizunguka na kundi mikoa mitano na kote umekula chips mayai unakuwa umesafiri kweli? Mi naona umebadilisha gesti tu.

Tulikuja na basi kutoka Dar, Chalinze, Segera, pale tukaiacha njia ya Moshi tukakata kulia, Hale, Muheza. Muheza machungwa yanakufuata mpaka dirishani na mi nilinunua mfuko mzima, ni matamu kweli sifa zake sio za bure. Tukashukia stendi ya Kange, bajaji mpaka mjini, mji umetulia baiskeli kila kona. Hapo sina mengi.

Nina mengi ya usiku ule wa kwanza. Tumemaliza shoo, gesti tuliyofikia jiko limeshafungwa, wenzangu wanabishana nani ana biskuti, mi nkamuuliza kaka wa bajaji, kaka wewe ukimaliza kazi saa hizi unakula wapi? Hiyo ndo namna yangu popote tunapoenda, usiulize mgeni anakula wapi, muulize anayefanya kazi usiku yeye anakula wapi. Akatupeleka Ngamiani, zile barabara zenye namba badala ya majina, barabara ya nane, ya tisa, ya kumi na mbili, unaelekezwa kwa hesabu tu na hupotei. Taa za meza zinawaka, moshi wa mishkaki, mtu anakaanga mihogo, pembeni kijana na meza yake ya pweza kamkatakata vipande vidogo unachomoa kwa kijiti unachovya kwenye pilipili ya ukwaju. Kachori zimetoka kwenye mafuta saa hiyo hiyo, ukiikata inatoa mvuke na ndani kiazi kimepata ndimu sawasawa, unamwagia chatne ya nazi. Buku mbili na jero nilikula mpaka nikanyamaza. Mi nimezaliwa Mwanza, samaki ninayemjua ni sato na sangara, pweza nilikuwa nikimwona Bagamoyo enzi za chuo ila nilikuwa mwoga kumla, lakini ule usiku njaa ya jukwaani iliniondolea woga wote na sasa hivi naandika hapa namfikiria.

Nazi sasa. Hapa ndo pana stori yenyewe.

Kwenye mchezo wetu mi nacheza mama wa pwani, mjane, anauza chakula kibarazani kwake, na kuna sehemu ndefu nakaa kwenye mbuzi nakuna nazi huku nagombana na shemeji yangu anayetaka nyumba. Dairekta wetu hataki kuigiza hewani, anataka mbuzi ya kweli, nazi ya kweli, maana ule mlio wa kukuna ndo mdundo wa maneno yote, shemeji akisema neno baya mkono unakuna kwa nguvu, akinyamaza na mi napunguza. Tumeifanya mikoa ya bara na watu waliipenda. Ila nilijua Tanga ni kitu kingine, huku kila mwanamke aliyekaa mbele yangu amekuna nazi tangu ana miaka saba au nane, huwezi kumletea kitu cha nusu nusu. Na wanaume pia, wanakula kila siku wanajua.

Mwenzetu mmoja kwenye kundi kwao ni hapa, Makorora, nikamwomba anipeleke kwa bibi yake nikamwone tu anavyopika. Nimefika, shikamoo bibi, marahaba mwanangu karibu, nikaeleza shida yangu, bibi hakuona ajabu hata kidogo. Akasema basi leo utapika wewe mi nitakaa nikuangalie, halafu hakukaa, dakika mbili tu kashanyang'anya mbuzi.

Jinsi anavyokaa sasa! Miguu yote upande mmoja, kanga imebanwa chini ya goti, mgongo umenyooka, kazi yote inafanywa na viwiko na vifundo vya mikono, kifuu kinazunguka kidogo kidogo kwenye meno ya mbuzi na hakwaruzi mpaka kwenye ile ngozi ya kahawia, anaishia kwenye nyeupe tu ili tui lisipoteze rangi yake. Hatazami mikono. Anaongea na mimi, anamfukuza kuku, anamwita mjukuu akalete ndoo, na mlio haukatiki. Mi kama mwigizaji ndo kitu nilichokifuata. Nilikuwa nikikuna huku nazungumza, yeye anazungumza na nazi inakunika yenyewe, tofauti ni kubwa sana ukiiona kwa macho.

Halafu kifumbu, kile kichujio cha kusukwa, akakamua tui la kwanza zito akaliweka pembeni kwenye bakuli kalifunika, akatia maji kwenye chicha, ile nazi iliyoshakamuliwa, akakamua la pili jepesi. Samaki walikuwa tasi, kijana kawaleta asubuhi, washakaangwa kidogo. Tui jepesi ndo linaanza na nyanya, kitunguu, binzari, bamia mbili tatu, embe bichi kwa ajili ya ukali, na lile zito linaingia mwishoni kabisa na hapo hutakiwi kuondoka jikoni, unachota kwa upawa unamwaga, unachota unamwaga mpaka lichemke. Ukizubaa linakatika, mafuta kivyake maji kivyake, na mchuzi umekufa.

Na chini yake ni bada. Ugali wa muhogo kwetu kanda ya ziwa tunaujua, ule wa udaga, muhogo unavundikwa kwanza ndo unaanikwa, una harufu yake na mi nimekulia huo. Wa huku muhogo unamenywa unaanikwa ukawa makopa, unatwangwa, na bada lenyewe linavutika ukilimega na halina ule uchachu wa kwetu. Nilivyotia tonge la kwanza na ule mchuzi nilikuwa kama niko kwa bibi yangu mwenyewe ila kahamia baharini. Pembeni mchunga, mboga chungu haswa, bibi akaniambia usiache, uchungu huo ndo unafanya nazi isikukinai. Na ni kweli, nilikula zaidi ya nilivyozoea na sikukinai.

Mchana wake wa pili tukaenda Deep Sea kule soko la samaki. Nilitaka kuona wanaouza maana mama ninayemcheza lazima asubuhi yake ianzie pale. Kelele za mnada, ndoo, mama wanaweka dau wameshika kiuno, wengine wanachemsha dagaa na kuwaanika. Nikamsikia mvuvi anasema mwezi ukishakuwa mkubwa dagaa hakuna, watapumzika. Jamani na kwetu ziwani ni hivyo hivyo! Dagaa anafuata taa, mwezi uking'aa sana taa haina kazi, wavuvi wanakaa nyumbani. Ziwa Victoria na Bahari ya Hindi, huku chumvi kule maji baridi, na mwezi unapanga likizo za watu wote. Nilikaa naye muda mrefu tukilinganisha, akaniuliza furu ni samaki gani na mi nikamuuliza tasi anakaa wapi, akaniambia kwenye majani ya baharini, na pia kwamba upepo wa kusi ukiwa mkali samaki wanapungua na bei inapanda. Hiyo nayo nimemuomba dairekta, yule mama kwenye mchezo anapolalamika bei aseme kusi limekaza. Neno moja tu, kakubali.

Usiku ule nikapanda. Nimekaa miguu upande mmoja, kanga chini ya goti, mikono inafanya kazi yake mi namtazama shemeji usoni. Kimya. Nikasema ile kuhusu kusi na wazee wa nyuma wakaguna, ile guno ya mtu anayekubali. Tukafika pale anapotupa karatasi za nyumba na mi nasimama sufuria iko jikoni na tui lishaingia, kwenye skripti naganda nakaa kimya sekunde nyingi kabla ya kujibu. Kuna mama wa mstari wa tatu akashindwa kuvumilia akapiga kelele, koroga wewe tui litakatika! Ukumbi mzima ukalipuka. Nikamjibu pale pale nikiwa bado mjane, nakoroga dada yangu ila huyu shemeji ndo anataka kunikata mimi, nikashika upawa nikaanza kuchota na kumwaga, na maneno yangu yote yaliyobaki nikayasema hivyo hivyo nikichota na kumwaga bila kuacha. Mwenzangu anayecheza shemeji ni mtu mzima kwenye hii kazi, akaelewa sekunde hiyo hiyo, akaanza kuzunguka jiko badala ya kusimama mbele yangu. Dairekta alivyotukuta nyuma ya pazia akasema hiyo inabaki. Tangu siku hiyo tunaicheza hivyo.

Watu wa huku wanasikiliza maneno, hilo nawaambia wasanii wenzangu mnaotaka kuja. Nilielewa zaidi kwenye kahawa, wazee wa barazani, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo na kashata mkononi. Walikuwa wameuona mchezo na waliuchambua mbele yangu bila huruma, huyu alikimbiza maneno, yule alitamka vizuri. Mzee mmoja akaingia kwenye taarabu za Black Star na Lucky Star, na bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, anasema mji huu ulikuwa haulali, na mwingine akanikumbusha kwamba Shaaban Robert alizaliwa hapo nje tu ya mji, Vibambani, mwaka 1909. Ukishajua hivyo unaelewa kwanini mtu wa Tanga akiwa mtazamaji hakusamehe kiimbo kikipinda.

Wana msemo wao huku, waja leo waondoka leo. Sisi wa kuzunguka ndo hao hasa, posho ndogo, begi halifunguliwi lote, na uchovu unakuambia lala ule chochote. Ninaelewa kabisa, kuna mikoa nimefanya hivyo. Lakini nauamini huu utaratibu wangu na nitautetea popote, msanii akifika mji akale wanachokula wenyewe, na akale wakati kinapikwa sio kikiletwa mezani, sababu mwili ndo kifaa chetu cha kazi na mikono haijifunzi kwa kusomewa skripti. Hela yenyewe ni ile ile, chips mayai na soda unaweza ukamaliza buku tano, bada na samaki kwa mama ntilie wa Ngamiani unakula kwa chini ya hapo.

Bado sijala kila kitu. Mihogo ya nazi ya asubuhi nimeila mara chache sana kwa sababu asubuhi tuna mazoezi, na mbaazi za nazi na maandazi nimeziacha kwa siku zisizo na shoo, tumbo la mbaazi na kucheza ngoma haviendi pamoja. Wenzangu wameanza kunifuata, jana wote tulikuwa kwenye meza ya pweza hadi yule aliyeapa hali kitu chenye mikono mingi.

Wiki ijayo tunashuka Pangani. Bibi kaniambia nazi za Pangani ndo zenyewe, na ana ndugu yake kule, mpishi wa shughuli, kashampigia simu kwamba kuna mjukuu wake wa Kisukuma anakuja. Ratiba inasema tufike saa tisa tusimamishe jukwaa moja kwa moja. Nimemuomba dairekta tuondoke hapa alfajiri tufike kabla hawajainjika chakula cha mchana, bado anafikiria, ila dereva tayari yuko upande wangu.