Siku moja maishani mwangu: meneja wa TEHAMA kwenye SACCOS, msimu wa makisio

Watu wakisikia nafanya TEHAMA wanadhani siku nzima nashika waya na kuwaambia watu "zima halafu washa". Siku za hivyo zipo sikatai. Ila leo ilikuwa siku ya makisio ya mwaka ujao, na msimu wa makisio kazi yangu inakuwa kubishana na watu kwa adabu, kwahiyo nimeona niwaandikie saa kwa saa mjionee. Niko Dar, kwenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya watumishi, wanachama wetu wengi ni walimu, manesi na watu wa halmashauri, jina la chama tuliache tu.

Saa 11 na nusu alfajiri

Chai, watoto, soksi ya mmoja haionekani, haya mnayajua. Kwenye daladala nimebahatika siti nikafungua simu nikasoma tena mpango mkakati wetu wa miaka mitano. Nadhani nimeusoma kuliko hata walioandika. Malengo yenyewe mazuri tu: mkopo utoke haraka, mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ipungue, tupate vijana na watu wa sekta binafsi, akiba za wanachama zikue ili tuache kwenda benki kukopa hela ya kukopeshana. Halafu mwisho kabisa, baada ya "kuboresha mazingira ya ofisi", kuna mstari umekaa peke yake: "Kuimarisha matumizi ya TEHAMA." Basi, umeisha hapo. Mi siku hizi nikitaka kujua taasisi inaichukuliaje TEHAMA naangalia huo mstari umekaa wapi, nikiukuta huko chini karibu na kupaka rangi jengo nshajua kwao kompyuta ni samani.

Na karibu kila mpango mkakati niliowahi kuuona una huo mstari, maneno yale yale. Kuimarisha kwa ajili ya nini, kwa faida ya nani, hakuna anayeuliza.

Saa 2 asubuhi

Nimefika, kijana wangu wa mifumo ananisubiri mlangoni. "Shikamoo dada, faili la makato limeingia ila namba za simu zimeliwa sifuri tena."

Kwa wasiojua, sisi hela yetu kubwa inaingia kwa makato ya mshahara. Mwajiri anakata, anatuma hela, anatuma na faili la ekseli lenye majina, cheki namba (namba ya mtumishi kwenye mshahara) na kiasi, na huyu mwajiri mmoja anaweka na simu. Sasa ekseli ukiiandikia namba inayoanza na sifuri bila kuiambia kwamba hii ni maandishi, inaona ni hesabu, inaifuta sifuri ya mbele. Ukipandisha faili hilo kwenye mfumo, simu za wanachama zinabadilika zote, meseji za "umekatwa kiasi fulani, salio lako fulani" haziendi, mwanachama kule Kisarawe asipoona meseji anapiga simu kaunta, keshia anaacha foleni anajibu simu, foleni inarefuka, meneja mkuu anatoka ofisini kwake anauliza mbona huduma imezorota, na jibu analopewa ni "mfumo uko slo". Mfumo hauko slo jamani! Ni sifuri. Tumezuia faili lisipande, tumeibadilisha ile safu, tumemrudishia afisa utumishi wao kiolezo kilichofungwa asiweze kukiharibu. Lisaa lizima limeenda hapo, na sioni aibu kusema hiyo ndo kazi yenye faida kubwa kuliko zote nilizofanya leo kabla ya mchana.

Saa 3 na nusu

Nimeshuka chini kwa mama wa mikopo. Nina tabia hiyo kabla ya kikao chochote cha bajeti, naenda kukaa pembeni ya mtu anayefanya kazi yenyewe, siulizi sana, naangalia mikono yake. Lengo namba moja la mpango wetu ni kasi ya mkopo na kila mtu juu huko anaamini dawa yake ni mfumo mpya, kwahiyo nimechukua fomu moja ya mkopo wa dharura nikaifuata ilikopita.

Mwanachama kajaza, wadhamini wamesaini, mwajiri kagonga muhuri, masijala wameipokea na kuipa namba, mama wa mikopo kaiingiza kwenye mfumo (hapo nimemwangalia kwa macho yangu, ni dakika chache tu hata hajamaliza chai), halafu kaiprinti ile ile aliyoiingiza, kaitoboa, kaiweka kwenye faili la kijani. Faili la kijani limeenda mezani likalala juu ya mafaili mengine ya kijani.

Nikamuuliza, "Shikamoo mama, samahani nilikuwa na haraka sikukusalimia vizuri. Sasa hili faili linasubiri nini hapa?"

"Marahaba mwanangu. Linasubiri kamati ya mikopo. Hata mkiniletea kompyuta ya dhahabu, kamati inakaa Alhamisi."

Nimeliandika hilo kwenye daftari kama alivyolisema. Mtu akileta fomu Ijumaa asubuhi kwa mgonjwa aliyelazwa, mfumo unaimaliza Ijumaa hiyo hiyo, kisha inalala mpaka Alhamisi. Hakuna seva duniani inayoisogeza Alhamisi. Kinachoisogeza ni sera ya mikopo, yaani bodi ikubali kwamba mkopo wa dharura usiozidi akiba ya mwanachama mwenyewe aupitishe meneja baada ya mfumo kuhakiki salio na makato, na kamati ipelekewe taarifa tu. Ukiniuliza mi kazi ya TEHAMA hapo iko wapi, ntakwambia ni kazi ndogo sana, ni kuweka kigezo kwenye mfumo. Ila bila kushuka chini ningeomba mamilioni ya vifaa na mkopo ungeendelea kulala pale pale.

Saa 5

Jedwali la maombi. Kila idara imeleta inachotaka na mimi nimeongeza safu moja watu wasiyoipenda kabisa: "Linahudumia lengo namba ngapi la mpango mkakati?" Utumishi wanataka mashine ya alama za vidole, kwenye safu wameacha wazi. Masoko wanataka apu, wameandika "malengo yote". Mhasibu anataka mfumo wetu uongee na wa benki asiwe anaoanisha miamala kwa rula na kalamu nyekundu, kaandika namba na sababu, huyo nampenda.

Hii kitu sijaigundua mimi. Mwaka 1993 maprofesa wawili, Henderson na Venkatraman, walichora mchoro wa maboksi manne kwenye jarida la IBM: mkakati wa biashara, mkakati wa teknolojia, taratibu na watu wa taasisi, na mitambo na taratibu za teknolojia. Hoja yao kwa lugha ya kwetu ni kwamba ukibadilisha boksi moja ukayaacha matatu hela imepotea. Sisi huku tuna ugonjwa wa kununua boksi la nne tu, mitambo, halafu tunashangaa. Nimeshauchora huo mchoro ubaoni kwetu mpaka mhudumu anaujua, siku moja nimemkuta anaufuta kaacha boksi la taratibu, kaniambia "hili mama najua utalichora tena".

Katikati ya hapo kanipigia mzabuni mmoja wa apu, eti nimtumie kwa watsap sampuli ya wanachama kama mia tano hivi aone data zinakaaje. Nimemwambia kaka angu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo cheki namba ya mwalimu haitumwi watsap. Kaniambia wengine wanamtumia. Haya.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie, na dagaa kidogo. Ntaruka hapa, niliongea na mhasibu habari za simba na yanga tu.

Saa 8 mchana

Kikao cha kamati ya fedha ya bodi. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu makini, akiongea unakaa vizuri kwenye kiti. Kaanza na apu. SACCOS ya jirani wameizindua, na keki ilikatwa.

"Meneja, na sisi tunataka kwenda kidijitali. Shida iko wapi?"

"Mwenyekiti, shida siyo apu. Salio la mwanachama kwenye mfumo wetu linabadilika makato yakishapandishwa, na makato yanakuja mwisho wa mwezi, na yakija yanakaa siku kadhaa tunasafisha majina. Apu itamwonyesha mwanachama salio la zamani kwa rangi nzuri. Atakuja kaunta kugomba akiwa na ushahidi mkononi."

Kacheka. Halafu mjumbe mmoja akasema mbona M-Pesa ilianza na teknolojia na biashara ikafuata yenyewe, nikafurahi kweli kweli kwa sababu ule mfano unaangukia upande wangu. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005 na taasisi ya mikopo midogo, Faulu, na lengo lilikuwa hili hili letu, watu walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Wakati wa majaribio wakaona watu wanaitumia kwa mambo yao mengine, wanatumiana hela wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua Machi 2007 haikuwaambia Wakenya lipa mkopo, iliwaambia tuma pesa nyumbani. Yaani kuna mtu alikaa akaangalia wateja wanafanya nini kisha akabadilisha biashara anayoiuza, na simu zilikuwa zile zile. Nikamwambia mjumbe, mzee wangu, na mimi ndo naomba hiyo hiyo, tuangalie wanachama kwanza, na nusu ya wanaotupigia simu wanatumia vitochi, hiyo apu wataiweka wapi. Menyu ya kubonyeza nyota na reli wanaijua wote.

Bishano kubwa likawa kwenye tarehe. Tunahamia toleo jipya la mfumo mkuu na mkandarasi anataka tuwashe Januari kwa sababu ni mwaka mpya wa fedha, mahesabu yanaanza safi, kwa mhasibu ni rahisi. Meneja mkuu anaafiki. Mi nimekataa. Januari kwetu ni ada, ni sare, ni madaftari, ndo mwezi watu wanapanga foleni mpaka nje kwa mkopo wa elimu, wewe ndo unataka keshia ajifunze vitufe vipya siku hiyo?

Nimewapa mfano wa Hershey, wale wa chokoleti Marekani. Mwaka 1999 walikuwa na mradi wa mifumo wa dola milioni 112, muda ukabanwa, walipanga kuwasha Aprili ukaangukia Julai, na kuanzia Julai ndo maduka yanaanza kuagiza pipi za Halloween, sikukuu yao ya mwisho wa Oktoba ambayo watoto wanagawiwa pipi. Chokoleti ilikuwepo ghalani. Mfumo ukashindwa kuitoa, oda za dola kama milioni 100 hazikufika kwa wateja msimu ule. Kalenda ya mradi haikuiuliza kalenda ya biashara. Mwenyekiti akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti yake ile ya darasani, "Kwa hiyo Januari ndiyo Halloween yetu." Ndiyo Mwenyekiti.

Tumetoka na hivi: mfumo unawashwa Aprili baada ya Pasaka, apu imeahirishwa mpaka makato yawe yanasomwa moja kwa moja, menyu ya simu za kawaida imepita, kuunganishwa na benki kumepita. Ile ya mkopo wa dharura kupitishwa na meneja wamesema iende bodi kamili kwanza kwa sababu inagusa sera, na kamati ya mikopo haitafurahi, na hapo wako sahihi, siyo kitu cha kupitisha mlango wa nyuma kupitia mfumo. Alama za vidole hakuna hata aliyezikumbuka.

Saa 11 jioni

Meneja mkuu kanifuata mezani. Kaniambia siku nyingine nikitaka kumpinga kwenye tarehe nimwambie kabla ya kikao. Nikamwambia bosi, ningekwambia kabla kama ningekuwa naitwa tarehe zinapopangwa, tarehe ile nimeiona kwenye makabrasha asubuhi kama wajumbe wengine. Akakaa kimya, akavuta kiti. Tumekubaliana kikao cha menejimenti cha Jumatatu niwe naingia tangu mwanzo, siyo kuitwa projekta ikigoma. Hiki ndo nilichopata leo kinachozidi bajeti yote ile, na hakikugharimu hata shilingi.

Saa 3 usiku

Watoto wamelala, mume anaangalia mpira, mi nina laptopu mapajani na rasimu ya mapitio ya mpango mkakati. Nimeufuta ule mstari wa mwisho. Sijaandika mwingine wa TEHAMA mahali pake, nimeusambaza: kwenye lengo la kasi ya mkopo nimeweka "mkopo wa dharura ndani ya akiba ya mwanachama uhakikiwe na mfumo na kulipwa siku hiyo hiyo", kwenye mikopo chechefu nimeweka mfumo umjulishe afisa mikopo wiki ile ile makato ya mtu yasipoonekana, maana sasa hivi tunajua miezi imeshapita na mtu kashahama kituo, na kwenye wanachama wapya nimeweka kujiunga kwa simu ya kawaida. Kila kimoja kina jina la cheo kinachohusika, na kwenye vyote vitatu cheo hicho siyo changu, mikopo ni ya meneja mikopo, wanachama ni wa masoko, mi ni msaidizi wao. Najua meneja mikopo atapiga kelele kesho.

Nimemtumia meneja mkuu. Kajibu muda huo huo, kumbe naye hajalala: "Nimeona. Weka na gharama kwa kila kimoja kabla ya Jumatatu."